"Anafunua, Anarudisha": Kinachomkimbiza Msomaji wa Katuni

SWALI: Shikamoo mzee. Nina meza ya vitabu Moshi, karibu na stendi. Nauza vya shule, hadithi, na vitabu vya katuni, vipya na mitumba. Katuni nyingine hazimalizi siku mbili. Nyingine mtu anachukua, anafunua, anarudisha. Nikimuuliza ananijibu "picha mbaya" au "haieleweki", wakati mimi picha naziona nzuri sana. Hasa kinachowakimbiza ni nini? Na nitajuaje kabla sijaweka hela yangu kwenye mzigo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo "picha mbaya" unayoambiwa usiibebe kama ilivyo. Mtu akirudisha kitabu mezani mbele ya mwenye meza, lazima aseme kitu, na kilicho karibu na mdomo ni picha. Tazama wanachonunua badala ya kusikiliza wanachosema. Watu wa nchi hii wamelisoma jarida la katuni la Sani kwa miaka na miaka, na wahusika wake Lodi Lofa na Ndumilakuwili hawakuwahi kuwa watanashati. Pua na miguu yao vimevutwa vikapita kiasi, na hakuna aliyelalamika. Upande wa pili kuna majarida ya mashujaa wenye misuli iliyochorwa mshipa kwa mshipa, kazi ya watu waliosomea, na yanalala mezani mpaka jua linafuta jalada.

Nimehariri katuni hapa Arusha muda mrefu, na ninachoamini ni hiki: msomaji wa katuni anasamehe mchoro. Hasamehi kupotezwa njia. Akishindwa kujua aangalie wapi, nani anasema, nani ni nani, au hadithi ilianzia wapi, anakifunga kitabu, na kwa kuwa hana jina la tatizo hilo, anasema picha mbaya.

Chukua mpangilio wa ukurasa. Tumezoea kusoma kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kushuka. Kwa hiyo mchoraji anayeijua kazi anamweka anayeanza kusema upande wa kushoto wa fremu, yaani kisanduku kimoja cha picha, na kiputo chake cha maneno kinakaa juu kuliko cha yule anayejibu. Akikosea hapo, jibu linasomwa kabla ya swali. Msomaji hatakuambia kwamba viputo vimepishana. Ataona tu wale watu wanaropoka, atarudi juu asome upya, na akilazimika kurudi tena na tena kwenye ukurasa mmoja, basi. Kosa jingine ninalokutana nalo sana kwa vijana wanaoniletea kazi ni kupanga fremu mbili ndogo, moja juu ya nyingine, halafu pembeni yake fremu moja ya wima inayoshuka ukurasa mzima. Ukishasoma ile ndogo ya juu, unaenda kulia au unashuka? Mchoraji anajua, hadithi ni yake. Msomaji anabahatisha, na mtu aliyelipia kitabu hapendi kubahatisha. Ukurasa wa aina hiyo unapendeza sana ukiubandika ukutani, na ndiyo maana wewe unaziona picha nzuri: unaziangalia, huzisomi.

Halafu maneno. Mort Weisinger, aliyehariri Superman kwa miaka mingi kule Marekani, anatajwa kuwa na kipimo cha maneno 35 kwa fremu, yaani 210 kwa ukurasa wa fremu sita. Ni kipimo kizuri, lakini ni cha Kiingereza. Kiswahili kinapakia mtendaji, wakati na mtendewa ndani ya neno moja. "Hawajatuambia" ni herufi 13 zilizoshikana, na kiputo kikiwa chembamba linakatwa, nusu juu, nusu chini. Mistari mitano ya namna hiyo inamchosha hata mwalimu wa lugha. Ongeza na ile desturi tuliyoichukua kwa Wamarekani ya kuandika viputo vyote kwa herufi kubwa. "NILIPOWAKUMBUSHA" ikiandikwa hivyo, herufi zote zina kimo kimoja, jicho halipati pa kushika. Mimi fremu ikizidi maneno ishirini namrudishia mwandishi apunguze. Huwa wananuna.

Kazi za kutafsiriwa ndizo zinazoumia zaidi hapa. Kiputo kilishachorwa kwa kipimo cha lugha ya kwanza, na Kiswahili hakiingii. Anayepanga kurasa anapunguza ukubwa wa herufi hadi zinakuwa kama za maelezo ya dawa, na hakuna mtu anayesoma maelezo ya dawa kwa raha. Kuna pia uchovu unaotokana na mwandishi asiyemwamini mchoraji: picha inamwonyesha mama anafungua mlango, juu yake imeandikwa "Mama alifungua mlango", na kwenye kiputo mama anasema "Ngoja nifungue mlango". Ukiona hivyo kwenye kurasa za mwanzo, usinunue mzigo.

Ipo sehemu moja, lakini, ambapo "picha mbaya" ni kweli tupu, nayo ni kutotambua sura. Vijana watatu wana uso mmoja, tofauti yao ni shati. Kitabu kikichapwa bila rangi ili kiwe na bei nafuu, shati jekundu na shati la kijani yote yanageuka kijivu, na kuanzia hapo hujui aliyeiba ni yupi na aliyeibiwa ni yupi. Wale wahusika wa Sani hata ukiwapaka weusi mwili mzima ukabaki mzingo tu, unajua huyu ni nani. Huo ni ufundi mkubwa kuliko misuli.

Na uchapaji. Kijana anachora kwenye kompyuta, na kompyuta inang'aa yenyewe kutoka ndani. Karatasi haing'ai. Karatasi ya bei ya chini, ile inayofanana na ya gazeti, inakunywa wino. Kila nukta ya wino inatanuka kidogo, na picha nzima inatoka nyeusi kuliko ilivyokuwa kwenye skrini. Kwa wahusika wenye ngozi ya kahawia, hilo ni balaa, hasa pale mchoraji alipojifunza kupaka rangi kwa kuiga vitabu vya nje vyenye nyuso nyeupe, akaweka vivuli vya wino mweusi tupu juu ya ngozi ambayo tayari imekolea. Nimewahi kuona kitabu chenye tukio la usiku kwenye shamba la kahawa, ambalo kwenye kompyuta lilikuwa la kutamanisha. Kilipotoka kiwandani kurasa zile zilibaki macho na meno. Msomaji wa Moshi akijiona amechorwa macho na meno, hata kama ni ajali ya wino, hatakupa hela yake. Mchoraji anayejua anaacha mwanga kwenye ukingo wa uso, na anaupaka usiku kwa buluu badala ya nyeusi. Wewe fungua ukurasa wa tukio la usiku kabla ya kulipa. Majalada yote yanapendeza.

Sasa tuje kwenye mitumba yako, kwa sababu nadhani hapo ndipo mzigo mkubwa umelala. Yale majarida membamba ya Marekani hayakutengenezwa yauzwe mojamoja kwa mtu mgeni. Superman alianza mwaka 1938, Spider-Man mwaka 1962, na wote bado wanachapwa. Kila toleo lina kurasa ishirini na kitu za hadithi, na hadithi moja huenda ikachukua matoleo sita, ikimrejea adui aliyekufa zamani, au mchumba ambaye yule kijana alimwacha kabla msomaji wako hajazaliwa. Kulifungua ni kama kuingia kwenye kikao cha ukoo katikati ya kesi: kila mtu amekasirika na hakuna anayekueleza. Wachapishaji wenyewe wanalijua hilo tatizo. Kampuni ya DC, inayomchapa Superman, ilijaribu kuzifagia historia zake zote mwaka 1985 na 1986, na mwaka 2011 ikaanzisha upya majarida 52 kwa mpigo, kila moja kutoka toleo la kwanza. Baada ya muda yakawa yamejaa tena mambo ya kukumbuka.

Na usidanganywe na "toleo la kwanza" wala jalada la kumetameta. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wamarekani walinunua katuni kama akiba ya uzeeni, wakidhani zitapanda thamani. Jarida moja la X-Men la mwaka 1991 lilitolewa na majalada matano tofauti na kuuzwa kwa mamilioni, watu wakinunua yote matano, wengine bila hata kuyafunua. Yalichapwa mengi mno hata hayawezi kuwa adimu, na mwisho wa mwaka 1996 kampuni yake, Marvel, ikaomba kinga ya kufilisika. Kwa hiyo mtu wa marobota akikwambia "hii, dada, ni ya zamani, ina thamani", mwambie asante.

Lakini tusiwacheke Wamarekani peke yao. Sisi tuna "Itaendelea". Ni mara ngapi umesoma hadithi nzuri ya picha, ikafika pale jambazi ananyoosha bastola, ukaandikiwa Itaendelea, na jarida lenyewe halikuonekana tena? Mchapishaji ameishiwa na hela ya karatasi, au mchoraji ameenda kufanya kazi ya matangazo inayolipa. Anayeumia ni wewe na mchoraji anayefuata, maana yule msomaji akishaachwa njiani haguzi tena kitabu chenye namba moja mgongoni. Nikiulizwa na kijana anayetaka kuanza, namwambia aandike hadithi ya kurasa thelathini inayoisha. Ikipendwa ataandika nyingine yenye watu walewale.

Kuna aina ya katuni ambayo nina hakika huiuzi kabisa hata ukiitoa kwa bei ya maandazi, nayo ni ile ya mahubiri. Afrika Mashariki imechapa katuni nyingi sana kwa fedha za miradi: UKIMWI, malaria, kunawa mikono, mikopo, mbegu bora. Nia ni njema, na wachoraji wengi tumeishi kwa kazi hizo, mimi nikiwemo. Ila kijana wa Pasua, hapo kwenu Moshi, anafika ukurasa wa pili na tayari anajua nani ataugua na daktari gani atakuja na miwani kutoa hotuba ya kiputo kizima. Tatizo si kwamba kuna ujumbe. Katuni ya Shujaaz ya Kenya, iliyoanza mwaka 2010, ilibeba ujumbe wa kilimo na wa fedha toleo hadi toleo, na vijana waliisoma, kwa sababu mbele walimweka kijana anayerusha redio ya siri kutoka chumbani kwake, anayeongea Sheng, lugha ya mtaani ya huko, kama wao na kupatwa na matatizo ya kweli. Kijana yule ana jambo lake analolitaka. Kwenye katuni ya mahubiri hakuna anayetaka kitu. Wote wanasubiri daktari.

Lugha nayo inakimbiza, ingawa kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kijana wa Kaloleni hapa Arusha akikuta machalii wa Chuga, yaani vijana wa Arusha, wanaongea kama taarifa ya habari, anacheka vibaya. Lakini akikuta wanaongea Kidar kitupu, yaani kama watu wa Dar es Salaam, anaudhika zaidi, maana anaona hadithi yake imeandikwa na mtu aliyepita tu na basi. Na misimu inachakaa haraka. Maneno ya mtaani ya miaka mitano nyuma yanamfanya mhusika wa miaka kumi na saba aongee kama mjomba wake.

Kinachokera kwa kina ni kuchorwa vibaya kama kundi. Hapa kwetu Mmasai wa katuni ni mlinzi mwenye rungu asiyejua simu, na Mchaga ni mtu wa kunusa hela. Mara ya kwanza Moshi mzima inacheka. Kitabu cha tatu chenye mzaha uleule mtu anakirudisha, na hataona haja ya kukueleza kwa nini. Mfano mkubwa wa dunia ni kitabu cha katuni cha Tintin akiwa Kongo, kazi ya Mbelgiji Hergé iliyoanza kutoka gazetini mwaka 1930, akiwachora Waafrika kwa midomo ya kupuliza na akili za kitoto, naye hakuwahi kufika huko. Aliichora upya mwaka 1946 na kupunguza baadhi ya mambo ya kikoloni, lakini zile sura zikabaki. Mkongomani mmoja aliipeleka mahakamani Ubelgiji mwaka 2007, akitaka kitabu kizuiwe, na mwaka 2012 mahakama ikakataa. Kikikufikia kwenye robota, shauri ni lako. Mimi nisingekiweka mahali mtoto anafikia, ila kwa mwanafunzi wa sanaa au wa historia kina kazi yake. Usikitupe, na usikiuze kama cha kuchekesha.

Hiyo "haieleweki" nadhani inahusu pia katuni za Kijapani, na nakubali, kwa sababu zinasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na jalada la mbele liko pale tulipozoea jalada la nyuma. Zamani wachapishaji wa Marekani walizigeuza kama kwenye kioo, matokeo yake wapiganaji wote wakawa wanashika upanga kwa mkono wa kushoto. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaanza kuwa kawaida kuziacha kama zilivyo. Nilichogundua mimi ni kwamba watoto waliopita madrasa hawapati shida kabisa. Wameshazoea kufungua msahafu kutoka upande huo. Wengine waelekeze kwa maneno mawili wakati wanakishika, "anzia huku", na waonyeshe fremu ya kwanza kwa kidole. Wengi wanarudisha kwa sababu tu wameanza kusoma mwisho, na mwisho wa hadithi yoyote ukiusoma kwanza hauna maana.

La wazazi sitalirefusha. Wengi wanaamini katuni ni kitu cha watoto, hivyo wakikuta damu au mwili wazi wanaiogopa meza nzima. Hata Marekani iliwahi kuwa hivyo: mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham aliandika kitabu cha kuzilaumu katuni kwa kuharibu vijana, kamati ya Baraza la Seneti ikaketi kusikiliza, na wachapishaji wakajiwekea kanuni kali zilizodumu, zikilegea polepole, hadi mwaka 2011. Weka za watu wazima upande wako wa ndani, mbali na vitabu vya shule, na umalize.

Umeuliza utajuaje kabla ya kulipa. Fungua katikati, si mwanzo. Mwanzo kila mtu amejitahidi. Ziba viputo kwa kiganja utazame kama unajua nani anamfanyia nani nini. Kisha fanya kinyume, soma viputo tu bila kuangalia picha. Ukielewa kila kitu bila picha, hicho si kitabu cha katuni, ni hotuba iliyopambwa. Ukipata mtoto wa darasa la tano au la sita, mpe nakala moja asome huku anafuata kwa kidole, na wewe uangalie kidole kinasimama wapi. Usimuulize kama amependa. Mtoto aliyelelewa vizuri atasema amependa.

Na mezani kwako una kitu ambacho wahariri wengi tunakililia. Lile jarida la Kijapani la Shonen Jump, lililofika nakala zaidi ya milioni 6.5 kwa wiki katikati ya miaka ya 1990, liliwapa wasomaji kadi ya kupigia kura hadithi wanazozipenda, na iliyoshuka iliweza kukatwa. Sisi hapa hatuna kadi. Wewe unamwona mtu anapofunga kitabu. Angalia amefungia ukurasa upi. Wakifungia ukurasa wa kwanza, ni herufi au wino. Wakifungia wa nne au wa tano, wamepotea njia, au wameshaliona hubiri linakuja. Wakinunua la kwanza na wasirudi kuulizia la pili, hadithi haikuwapa mtu wa kumfikiria usiku. Hayo uyaandike, na akija mchapishaji au mchoraji kukuachia nakala za kuuza, msomee.

Kwa mzigo ulionao sasa, keti jioni moja uyatenganishe yale majarida membamba. Namba ziko kwenye jalada, pembeni juu au chini. Ukikuta matoleo yanayofuatana yenye hadithi moja kutoka mwanzo hadi mwisho, yafunge pamoja kwa mpira na uyauze kama kitabu kimoja, utashangaa yatakavyoondoka. Yaliyobaki pekeyake yasiyo na mwanzo wala mwisho, usiyapangie wasomaji. Wachoraji wa mabango na wa tatoo, na vijana wanaochora migongo ya daladala, wanayanunua kwa ajili ya mikono, nyuso na mikunjo ya nguo, hawana shida na hadithi. Kwao ile misuli ndiyo bidhaa. Waulizie Majengo au mjini, na uwauzie kwa fungu.